Naogopa kuligusa gia boksi la gari la marehemu baba

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu yako tangu nikiwa chuo, ila sikuwahi kudhani siku moja nitakuandikia, tena kuhusu gari. Nisamehe kama swali langu litaonekana la gereji kuliko la maisha. Kwangu limeshakuwa la maisha, maana silali vizuri.

Nina miaka 36, nimeolewa, tuna watoto wawili, tunaishi Mbezi, Dar es Salaam. Baba yangu alikuwa mwalimu. Alifariki Desemba mwaka jana. Nyumba ya Iringa ni ya mama, hilo halina mjadala. Gari lake, Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, aliniachia mimi. Alitamka mwenyewe akiwa kitandani, mama na kaka yangu wakisikia. Alilinunua mwaka 2006 likiwa limetoka bandarini, na ndilo lililonipeleka bweni kidato cha tano nikiwa na godoro juu ya keria. Ndilo lililonitoa nyumbani siku ya harusi yangu. Sasa mita inasoma kilomita 187,000 na kidogo.

Tangu Agosti limeanza kubadilika. Asubuhi nikiweka rivasi linakaa kama linafikiri, kama sekunde mbili, halafu linashtuka kwa kishindo. Mchana kwenye foleni ya Kimara likishapata moto, linapotoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inanguruma kwanza ndipo gari livute. Si kila siku. Kuna siku linakwenda kama zamani, nami najiambia nilikuwa naota.

Nilikwenda kwa fundi wa baba. Shangazi, huyu si fundi tu. Sisi tunamwita Baba Mdogo tangu utotoni. Alishika jeneza. Nikamuuliza kama si wakati wa kumwaga oili ya gia boksi, maana nilisikia kwamba nayo hubadilishwa. Akatikisa kichwa. Akaniambia, "Mwanangu, boksi hilo limezoea oili yake. Halijawahi kuguswa. Ukimwaga oili ya zamani unamwaga na uhai wake." Akanikumbusha Noah ya jirani yetu: ilibadilishwa oili ya gia boksi Ijumaa, Jumatatu ikagoma kutoka getini. Noah hiyo naijua, mpaka leo ipo juu ya matofali.

Kaka yangu yuko Mwanza. Yeye anasema Baba Mdogo amepitwa na wakati, nipeleke gari kwenye gereji yenye mashine inayosukuma oili yote ya zamani itoke na mpya iingie kwa nusu saa. Mume wangu naye ana lake. Anasema tuliuze sasa hivi likiwa bado linatembea, mnunuzi atajijua na gia zake. Si mtu mbaya, Shangazi, ni mtu wa hesabu, na ada za shule za Januari anaziona mbele yetu wote. Mama hataki kusikia. Alisema neno moja tu: "Msiniulie gari la mume wangu."

Na mama ndiye anayenibana zaidi. Tarehe 20 Desemba tuna misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, Iringa. Ameapa kwamba atarudi nyumbani kwa gari la mumewe, si kwa basi. Unaijua Kitonga. Nikifikiria kupanda ule mlima na mama pembeni, gari likinguruma bila kuvuta na malori nyuma yangu, mikono inatoka jasho.

Kitu cha mwisho, sijui kama kina maana. Baba alikuwa na daftari ndani ya dashibodi, aliandika kila kitu: oili ya injini, breki, matairi, hata balbu. Nimelipekua lote. Gia boksi halijatajwa popote. Kuna mstari mmoja tu wa tarehe 14/5/2016, kilomita 121,400, umeandikwa "haidroliki lita 4, sili, ufundi". Nadhani hiyo ilikuwa ya usukani.

Nikimwaga oili likafa, mama atasema nimeliua na Baba Mdogo atasema alinionya. Nikiacha likafa Kitonga, itakuwa hivyohivyo. Nifanye nini, Shangazi?

Binti wa Mwalimu, Mbezi

---

Marahaba mwanangu, na pole. Mwaka wa kwanza baada ya kumzika mzazi ni mrefu, na vitu vyake huwa vizito kuliko vilivyokuwa mikononi mwake. Usiombe msamaha kwa kuleta swali la gereji hapa. Nimepokea barua nyingi za mirathi, na mara nyingi ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya cherehani, baiskeli au mti wa mwembe.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo mawili ukayafunga kwenye furushi moja. La kwanza ni la chuma: gari linaonyesha dalili, na hujui kama oili mpya itaponya au itaua. La pili ni la watu: kila njia utakayoshika kuna mtu mmoja atakayeona hukumheshimu, na katika watu hao yumo baba mwenyewe. Furushi hilo ndilo linalokunyima usingizi. Naomba tulifungue, tuanze na daftari.

Umesema mstari ule wa 2016 ulikuwa wa usukani. Ni kweli kwamba usukani wa pawa wa magari kama lako hutumia haidroliki nyekundu ileile inayowekwa kwenye gia boksi, na mafundi wengi huita zote kwa jina hilo moja. Lakini angalia kiasi. Kikopo cha usukani na mabomba yake havimezi lita 4. Hata ukimwaga yote, lita moja hivi inatosha. Lita 4 ni kipimo cha kitu kikubwa zaidi. Na pembeni mwalimu ameandika "sili". Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, kama lako, shafti mbili zinazozungusha magurudumu hayo zinaingia kwenye gia boksi, na kila upande una sili. Sili ikichoka oili huvuja. Fundi akichomoa shafti ili abadilishe sili, oili humwagika chini, na lazima airudishe.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Huenda lita zilinunuliwa 4 zikatumika 2. Huenda ilikuwa sili ya pampu ya usukani na mafuta yaliyobaki yakawekwa stoo. Ila wewe, Baba Mdogo na mama mnaishi juu ya sentensi moja, kwamba boksi halijawahi kuguswa, na ndani ya gari hilohilo kuna mwandiko wa mwenye gari unaotia shaka. Ikiwa oili iliingizwa mwaka 2016, boksi lilitembea kilomita zaidi ya 65,000 baada ya hapo bila kufa. Hofu yote ingebadilika sura.

Sasa ile Noah. Hii naisikia kila mahali: fulani alibadilisha oili ya gia boksi, wiki haikuisha gari likafa. Siwabezi wanaosema hivyo, maana wameona kwa macho. Lakini mjini kwetu ni nani anayepeleka gari abadilishiwe oili ya gia boksi? Mara nyingi ni yule ambaye gari limeshaanza kuteleza. Ni kama mgonjwa anayelazwa nyumbani miezi mitatu akinywa dawa za mizizi, anapelekwa hospitali akiwa mahututi, anafia mapokezi, halafu mtaa mzima unasema hospitali ile inaua. Muulize jirani yako kwa upole: kabla ya Ijumaa ile, gari lilikuwaje? Na muulize waliweka oili gani, wakapimaje. Boksi lililojazwa pungufu hugoma. Lililowekwa oili ya aina nyingine nalo huweza kugoma. Hayo si makosa ya kubadilisha, ni makosa ya namna ya kubadilisha.

Pamoja na hayo, Baba Mdogo hasemi ovyo, na ningependa umtendee haki. Ndani ya gia boksi la otomatiki oili si ya kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma: pampu huipa presha, valvu zinaielekeza, nayo inabana pleti za klachi ili gia ishike. Ndiyo inayobeba joto kulipeleka kwenye rejeta. Na imechanganywa dawa zinazofanya pleti zishikane kwa kiasi, zisiteleze na zisikamate kwa kishindo. Miaka ikipita joto huichosha, inakuwa ya kahawia, na unga unaosagika kutoka kwenye pleti unaelea ndani yake. Pleti zikiwa zimekwisha kabisa, unga ule unaweza kuwa ndio unaosaidia kidogo zishike. Ukiuondoa wote kwa mkupuo na kuweka oili safi yenye sabuni yake, gari lililokuwa linajikongoja linaweza kusimama. Hapo ndipo maneno ya Baba Mdogo yana mzizi. Lakini yanahusu boksi lililokwisha. Je, lako limekwisha? Hakuna aliyeangalia. Katika barua yako yote, mwanangu, watu wanne wametoa hukumu na hakuna hata mmoja aliyechomoa stiki, ule ufito wa kupimia oili.

Basi hilo ndilo ningelifanya kabla ya kuamua lolote, na halimkosei mtu heshima. Endesha gari kama dakika ishirini lipate moto. Liegeshe mahali tambarare, vuta handibreki, kanyaga breki, injini ikiwa inawaka. Pitisha mkono wa gia taratibu kila sehemu, kutoka P hadi L, halafu urudi P. Injini ikiendelea kuwaka, chomoa stiki ya gia boksi (si ile ya injini, ambayo hupimwa injini ikiwa imezimwa), ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena, usome upande ulioandikwa HOT. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe.

Tone jekundu au la kahawia iliyoiva kidogo, lisilo na harufu mbaya, ni oili iliyochoka lakini haijafa. Tone jeusi lenye harufu ya kuungua, lenye chembe unazozihisi ukisugua vidole, ni habari nyingine, na hapo ningeanza kumsikiliza Baba Mdogo kwa makini zaidi. Likiwa la rangi ya waridi kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Gari lisitembee hata kwenda sokoni.

Kuna uwezekano wa nne, nao ni rahisi kuliko yote: oili iko chini ya alama. Gia boksi haliunguzi oili kama injini. Ikipungua imevuja, na sili ya tangu 2016 inaweza kuwa imechoka tena. Oili ikiwa pungufu pampu hunyonya hewa, na matokeo yake ni yaleyale uliyoyaandika: rivasi inachelewa, gia inateleza likipata moto. Ningesikitika sana kama familia ingegombana juu ya uhai wa boksi lililopungukiwa nusu lita.

Kile kishindo nacho kisihukumiwe haraka. Mauntingi za injini zikifa, injini hurukaruka kila unapoweka gia. Mizunguko ya injini ikiwa juu asubuhi, rivasi itashtua hata boksi likiwa zima. Magari ya rika la lako mara nyingi yana waya unaotoka kwenye throtoli (mlango wa hewa wa injini) kwenda gia boksi. Ukilegea, gia hubadilika kwa wakati usio wake. Na zile sekunde mbili zako, zipime tena kwa simu gari likiwa na moto. Vitabu vya ufundi vya Toyota huruhusu isizidi sekunde 1.2 kutoka N kwenda D, na 1.5 kutoka N kwenda R, ukipima mara tatu na kupumzisha dakika moja kila mara. Ukipata 1.4 mchana, asubuhi ya baridi isikutishe. Ukipata 3, una jambo.

Sasa njia zenyewe.

Ukiacha kama ilivyo, hutamkosea Baba Mdogo na hutatumia pesa leo. Hatari yake ni kwamba oili iliyochoka haipumziki. Kila foleni ya jua kali inaichosha zaidi, na Kitonga ni mtihani mkubwa kuliko foleni. Kama stiki itaonyesha oili safi na kipimo kamili, kuacha si uvivu. Kama itaonyesha vingine, kuacha nako ni kuamua, hata kama mkono wako haukushika spana.

Mashine ya kaka yako ipo, na kwa gari lililotunzwa kwa ratiba sina neno nayo. Kwa boksi ambalo historia yake ni mstari mmoja kwenye daftari, mimi ningeingiwa na woga. Kusukuma kwa presha kunaweza kuchokoa uchafu uliotulia miaka mingi na kuupeleka kwenye valvu, ambako njia ni nyembamba. Kaka yako anakupenda, lakini yuko Mwanza. Gari likigoma Dar, atakuwa kwenye simu.

Katikati ya hizo kuna njia ambayo hakuna aliyekutajia: kumwaga kile kinachotoka kwenye sampo tu, yaani bakuli la chini ya boksi, kurudisha kiasi hichohicho, na kuacha gari litembee. Sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya konveta (chombo kinachounganisha injini na boksi) na njia za juu. Chukulia boksi lina lita 7 na nusu na sampo limetoa 3. Kwa mara ya kwanza umebadilisha asilimia 40 tu. Ukitembea wiki mbili tatu ukarudia, unafika asilimia 64. Mara ya tatu, 78. Boksi halipati mshtuko, wewe unapata muda wa kulisikiliza, na mkiona limebadilika vibaya mnasimama. Mkifungua sampo lenyewe mtaona pia sumaku zilizo chini: unga laini wa kijivu ni kawaida ya uzee, vipande vya chuma si kawaida. Filta ikaguliwe hapohapo, gasketi iwe mpya. Na oili inayotoka ipimwe kwenye chupa, ili inayoingia iwe sawa nayo, kisha stiki isomwe upya kwa moto. (Kabla ya kumwaga, mhakikishe kwanza kipimo kilikuwa sahihi, la sivyo mtarudisha upungufu uleule.)

Njia hiyo nayo ina hatari zake, sitakuficha. Haifufui pleti zilizokwisha. Na inahitaji oili ileile boksi linayoitaka. Kitabu cha gari huenda ni cha Kijapani, lakini stiki yenyewe mara nyingi imechapwa aina ya oili kwa herufi tunazozisoma. Magari ya rika la Carina yako kwa kawaida hutaka Dexron ya pili au ya tatu. Muuza duka akikwambia "hii WS ndiyo ya kisasa, ya Toyota yenyewe", mshukuru na uiache: WS ilikuja baadaye kwa boksi za baadaye, ni nyepesi, si mbadala. Oili ya CVT, ya boksi zisizo na hatua za gia, ndiyo usiisogeze kabisa. Nunua chupa yenye lakiri, mbele ya macho yako.

Ama kuhusu mume wako. Ada za Januari ni za kweli na sitazifanya ndogo, na kuuza si kumsaliti baba. Alikupa gari, hakukupa kifungo. Lakini neno "mnunuzi atajijua" limenikaa kooni. Huyo mnunuzi naye huenda ana mama wa kumpeleka mahali. Mnaweza kuuza mkamwambia ukweli wa rivasi na bei ikashuka. Au mkatengeneza kwanza. Zungumzeni pia kama anachotaka ni pesa, au anakuona unavyohangaika na gari hili na angependa likuondokee. Waume wengi huongea kwa hesabu pale wanapokosa namna nyingine ya kusema.

Na mama. "Msiniulie gari la mume wangu." Soma tena, mwanangu. Umelisikia kama onyo kwako. Mimi nasikia mjane ambaye mwaka haujaisha, na kitu cha mwisho kinachonguruma kwa sauti ya mumewe kimeanza kukohoa. Sijui kama kuna oili inayojibu hilo. Pengine anahitaji kukaa kiti cha mbele jioni moja, bila safari, ukamsomea daftari. Mweleze pia kwamba kuna uwezekano mwingi kati ya uzima na kifo cha gari. Na mjadiliane mapema: ikifika wiki ya pili ya Desemba na gari halijakuridhisha, mtapanda basi kwa pamoja, au kaka atatafuta gari lingine? Kiapo chake kilikuwa cha kumuenzi mumewe. Sidhani kama mwalimu angefurahi aenziwe kwa kukwama kwenye kona za Kitonga.

Mkienda kwa Carina, ondokeni alfajiri. Pumzisheni gari Ruaha Mbuyuni, mama anunue vitunguu, nawe utazame chini kama kuna tone jekundu. Kabla ya mlima zima kile kitufe cha O/D (gia ya juu kabisa) kwenye mkono wa gia, ili boksi lisihangaike kupanda na kushuka gia. Likianza kunguruma bila kuvuta, tafuta mahali salama pa kusimama. Ukilazimisha, joto litamaliza kilichobaki.

Nimemwacha Baba Mdogo mwisho kwa sababu naona ndiye unayemwogopa kuliko gari. Umechukulia kwamba kuna mambo mawili tu: kumtii, au kwenda kwingine na kumuumiza. Vipi kama usingeenda na swali la "tumwage au tusimwage"? Nenda jioni, anapofunga vifaa, kazi imepungua na wateja wameondoka. Mwamkie. Chukua daftari, mfungulie tarehe 14 Mei 2016, umwambie, "Baba Mdogo, nimekuta mwandiko wa baba hapa, nimeshindwa kuuelewa. Hii haidroliki lita 4 ilikuwa ya nini?" Halafu nyamaza.

Huenda atakumbuka. Huenda ni yeye aliyelala chini ya gari siku hiyo, na miaka imemsahaulisha. Huenda ilikuwa gereji nyingine na atajua kwa nini baba hakumwambia. Vyovyote, utakuwa umemuuliza jambo analolijua kuliko kaka yako na mimi, na kutoka hapo kumwomba achomoe stiki mwitazame pamoja si kumpinga. Kama baada ya kuiona bado atakataa, mwulize anaona nini kinachomtia hofu, na umsikilize kweli. Ukiishia kwenda kwa fundi mwingine, utakwenda ukiwa umeagana naye, si kwa kumkwepa.

Lolote mtakaloamua, liandike kwenye daftari: tarehe, kilomita, rangi ya tone, lita zilizotoka na zilizoingia. Mwandiko wako uanzie chini ya wake. Na ukipata nafasi niandikie tena, hata mistari miwili. Tangu nisome barua yako ninajiuliza ile sili ilikuwa ya wapi.

Shangazi yako